Mikono ya Watu Watano

Kolo ya utoto wangu ilikuwa kijiji cha kupitwa. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyoota kuunganisha Cape na Kairo, ilikatiza katikati yetu ikiwa ya vumbi tupu, na mabasi ya kwenda Arusha au Dodoma yalisimama muda wa abiria kujinyoosha na kununua asali ya chupa. Kondoa mjini palikuwa kusini yetu, zaidi ya kilomita 20. Mto Kolo ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Tulifukua visima vidogo humohumo mtoni, tukachota kwa kata, tukasubiri maji yajikusanye tena. Mvua ikipiga milimani, maji mekundu yalishuka kwa ghadhabu kwa saa chache, kisha mchanga ukarudi kuwa mchanga.

Palikuwa pia na ofisi ndogo ya Mambo ya Kale, na ndiyo iliyofanya gari moja moja la wageni likate kona badala ya kupita. Walikuja kutazama michoro ya mapangoni. Leo eneo lote hilo, kilomita za mraba 2,336 za majabali na misitu ya miombo, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na hata hesabu kamili ya mapango yenye michoro haijulikani: wataalamu hukadiria kati ya 150 na 450. Wakati ule hatukuwa na habari za orodha yoyote. Michoro ilikuwa ya wazee, ya mizimu na ya mvua. Pale kwenye pango la Mungomi watu walipanda kutambika mvua ilipochelewa, na mtoto hakwenda kuchezea huko.

Nasema bila kusita kwamba kusoma fasihi nilijifunza Kolo, kwa macho, kabla sijasikia neno uhakiki. Aliyenifundisha alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili wa shule ya msingi. Jina lake sitalitaja, maana hakuwa mtu wa kupenda kutajwa.

Siku moja aliandika ubaoni sentensi fupi: Mzee alikaa chini ya mti. Akageuka, akauliza, "Mti gani?"

Tulidhani anataka jibu moja. Mmoja akasema mkuyu. "Vizuri," akasema, "sasa mzee yuko wapi?" Tulijua bila kufikiri. Mkuyu huota penye maji, kwa hiyo yuko bondeni, karibu na mto, mahali pa kivuli kizito ambapo wazee hukutana, na huenda pana jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Mwingine akasema mwarobaini. Mara mzee akahama. Mwarobaini haukujiotea, ulipandwa, na mtu wa kwetu anayekaa chini ya mwarobaini mchana amekaa kwenye uwanja wa zahanati au wa ofisi ya kata, anasubiri kuitwa. Aliyesema mbuyu alimpeleka mzee mbali zaidi, bondeni kuelekea Ugogo, maana huku kwetu juu ni nchi ya miombo. Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma akasema mgunga, na darasa likacheka, kwa sababu mgunga una miiba na kivuli chake ni cha kuombea. Mwalimu hakucheka. Alimwuliza, "Kwa nini akae hapo?" Msichana akajibu, "Hana pengine, Mwalimu."

Hakuna aliyetaja umaskini wala upweke, lakini vyote viwili viliingia darasani kwa mlango wa jina la mti. Mwalimu aliendelea hivyo kipindi kizima. Amekalia nini? Akikalia kigoda, ametoka nyumbani nacho, amekusudia kukaa. Akikalia jiwe, amechoka njiani. Akikalia udongo mtupu, na ni mzee mwenye watoto, basi pana habari ambayo mwandishi bado hajatuambia. Mwisho wa kipindi sentensi ile ya maneno matano ilikuwa imezaa wazee wengi kuliko tulivyoweza kuwakumbuka, na kila mmoja alikuwa na maisha yake.

Watu wengi hudhani maelezo ya kina katika hadithi ni pambo, kwamba mwandishi ana jambo lake la kusema na maelezo ni nguo anayolivika. Mwalimu wangu alituonyesha kwamba ukiondoa mti hubaki na jambo lolote. Unabaki na mzee asiyekuwa mzee wa mtu.

Baada ya hapo alitupeleka Mungomi. Tulitoka alfajiri, tukavuka mchanga wa mto, tukapita mashamba ya mtama na alizeti, tukaanza kupanda. Ni mwendo wa kutosha, na sehemu ya mwisho ni ya kushika mawe kwa mikono. Mlinzi wa Mambo ya Kale alitangulia, mtu wa makamo mwenye fimbo, akitukataza kugusa ukuta. Alikuwa na hadithi yake ya kila mchoro na alikuwa ameisimulia kwa wageni wengi, kwa hiyo tulipofika kwenye jabali kubwa alikohoa kidogo, tayari kuanza.

"Samahani, mzee wangu," Mwalimu akasema, "naomba watoto watazame kwanza."

Mlinzi aliridhia, akaketi pembeni.

Anayekwenda Kolo kwa mara ya kwanza hutarajia picha kubwa. Kumbe ni ndogo, nyingi zimefifia, na jicho huhitaji muda kuzizoea. Kwanza unaona doa jekundu. Halafu doa linakuwa shingo ya twiga. Halafu ukuta mzima unajaa: pofu, tembo, watu wembamba warefu wenye nywele zilizofura, mistari midogo kama imechorwa kwa unyoya. Rangi ni ya udongo mwekundu wenye chuma, uleule unaotushika miguu wakati wa masika. Na mahali fulani, wamesimama watu watano.

"Mnaona nini?"

"Watu, Mwalimu."

"Wangapi?"

"Watano."

"Wanafanya nini?"

Hapo tuligombana. Wavulana walisema wanamwiba mwanamke. Mmoja alisema ni harusi, bibi harusi anavutwa na pande zote mbili. Mwingine akasema ni ngoma. Kelele zilipozidi Mwalimu aliinua mkono. "Msiniambie wanafanya nini. Niambieni mikono iko wapi."

Tukatazama tena, safari hii kwa utulivu. Wa katikati ameshikwa. Wanaomshika wako kulia na kushoto. Vichwa havifanani: baadhi si vichwa vya kawaida, kama wamevaa vinyago au wamegeuka kuwa kitu kingine. Miili imevutwa kwa urefu kupita ubinadamu. Basi. Hivyo ndivyo vilivyokuwamo. Kuibwa, kuolewa, kucheza, vyote tulikuwa tumevileta sisi kutoka kijijini.

Ndipo Mwalimu akamgeukia mlinzi: "Sasa, mzee wangu, tupe ya kwako." Mlinzi akatusimulia kwamba watu wawili waliovaa vinyago wanamnyakua mwanamke, na wawili wa upande wa pili wanamzuia asichukuliwe.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua hadithi ile ilikotokea. Mary Leakey, mwanaakiolojia tuliyezoea kumsikia kwa habari za Olduvai, alifika Kondoa mwaka 1935 na Louis, ambaye baadaye alikuwa mumewe, akarudi mwaka 1951 kunakili michoro ukutani mstari kwa mstari, kazi ya mikono na subira. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Watu wetu watano aliwasoma kuwa tukio la utekaji, na usomaji huo ukaingia vinywani mwa waongozaji. Hakuutunga hewani. Ukiipa mikono uzito wa kwanza, ukaona wa katikati anavutwa huku na huku, utekaji unakuja wenyewe.

Lakini wako walioanzia kwingine. Kusini-magharibi yetu wanaishi Wasandawe, watu wenye lugha ya kupiga ulimi ambao wazee wao bado walikuwa na kumbukumbu za uchoraji huu. Eric ten Raa aliishi nao na kuandika juu ya ngoma zao, ikiwamo simbo, ambayo mchezaji hupandwa na kuwa simba ili kukabiliana na uchawi. Baadaye David Lewis-Williams, ambaye alikuwa ameichunguza michoro ya Wasani wa kusini mwa Afrika, aliisoma michoro ya Kondoa kwa mwanga huo. Kwa usomaji wa namna hiyo, uzito hauko tena mikononi. Uko vichwani na katika urefu wa miili. Mtu aliyepandwa huhisi mwili wake unanyooka, kichwa kinakuwa cha mnyama, na wenzake humshika asianguke. Mikono ni ileile na haijasogea hata kidogo, ila sasa inategemeza badala ya kupora.

Hilo lilinitetemesha nilipolielewa, na hunitetemesha hadi leo. Picha moja, bila kuongezwa wala kupunguzwa mstari, inakuwa uhalifu au tiba kutegemea umeanzia kipande kipi kidogo. Mwanaakiolojia wetu Fidelis Masao, aliyechimbua mapango ya Tanzania ya kati na kuandika juu yake miaka ya 1970, pamoja na watafiti waliomfuata, wameendelea kubishana na ukuta ule kwa heshima. Mimi nikiulizwa, naegemea upande wa wanaoona kushikiliwa. Nimeona katika ngoma za kwetu jinsi mtu aliyezidiwa anavyoshikwa, na jinsi mgeni aliyesimama mbali angeapa kwamba anapigwa.

Juu ya michoro myekundu kuna myeupe. Ni ya watu wa baadaye, wakulima, babu zetu sisi wa jamii ya Kibantu, na haina wembamba ule wa mistari. Imepakwa kwa kidole, minene, maumbo ya wanyama na alama zisizotambulika kwa urahisi. Mahali pengine imepita moja kwa moja juu ya myekundu, tumbo la mnyama mweupe likafunika mguu wa mtu wa kale. Wageni wengi husikitika wanapoiona. Mwalimu wetu alitukalisha mbele yake muda mrefu. Alitaka tuone kwamba kinachokuja baadaye hakikai tu kando ya kilichotangulia. Kinakigeuza. Mwindaji aliyekuwa peke yake na pofu wake sasa yuko chini ya ng'ombe wa mtu mwingine, na huwezi tena kumwona bila kuwaza nani aliikuta nchi ya nani.

Nilimkumbuka Mwalimu nilipokuja kufundisha *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999. Shafi anamleta kwanza Yasmini usoni, kwa upole na mapenzi, uso wa msichana mdogo mno. Tukishamzoea ndipo tunamjua Bwana Raza, mumewe, mwenye umri wa kumzaa. Mwandishi hahitaji kulaani ndoa ile. Angegeuza mpangilio, akaanza na duka la Raza, heshima yake mtaani na haja yake ya mke, kisha akamleta Yasmini kama mali mpya ndani ya nyumba, tungeingia kitabuni kwa mlango wa Raza na huenda tungechelewa sana kumhurumia mtoto yule. Watu walewale, ndoa ileile.

Lakini somo kubwa kuliko yote lilitoka kwa mwenzetu mmoja wa darasani, wala halikuwa juu ya pango.

Milima yetu ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko. Asiyeiona haamini. Makorongo yalikuwa na kina cha kumeza nyumba, na mchanga uliotoka huko ndio uliojaza mito yetu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, na haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Wengine waliuza kwa bei ya kutupa, wengine waliwapeleka kwa ndugu nje ya mipaka. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ukimya wa jioni ya kwanza bila njuga.

Mwalimu alitupa insha: Baada ya ng'ombe kuondoka. Tuliandika kwa bidii. Machozi yalitiririka, mioyo ilipasuka, huzuni ilitanda kila pembe ya kijiji. Mimi mwenyewe niliandika ukurasa na nusu wa kilio. Mwenzetu huyo, kijana mkimya wa nyumba iliyokuwa na zizi kubwa, aliandika kidogo tu. Sina tena maneno yake, ila nilichokiona humo hakijanitoka. Aliandika kwamba zizi lao limeota mchicha mrefu kumpita yeye. Mama yake huenda kuchuma kila asubuhi, na wanakula mboga nzuri kuliko miaka yote. Na baba yake siku hizi akitoka nyumbani huzunguka kwa nyuma, hapiti upande wa zizi.

Hapo ndipo alipokomea.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, akainyamazia, akaisoma tena. Sisi watoto wa pale tulielewa yote. Mchicha hunenepa namna ile penye samadi ya miaka mingi, kwa hiyo kila jani lilikuwa ushahidi wa ng'ombe waliokuwapo, wangapi na kwa muda gani. Mama anachuma maana watoto wanataka kula, na chakula ni kitamu. Baba anazunguka. Katika nyumba moja, juu ya zizi moja, pana neema na msiba, na yule kijana hakutuchagulia kipi ni kikubwa. Angeacha njia ya baba, insha yake ingekuwa tangazo la faida za mradi. Angeacha mchicha, ingekuwa kilio kama vyetu.

Sisemi mradi ulikosea. Majani yalirudi, miombo ilichipua, na mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya banda, kwa kuwakatia majani. Leo ukisimama juu ya milima ile unaona kijani mahali nilipoona mimi vidonda. Ripoti zilizoandikwa juu ya HADO zinasema kweli kuhusu makorongo na hekta. Lakini hizo nazo ni maelezo yaliyochaguliwa, na katika nilizosoma sijakutana na baba anayezunguka nyumba yake. Mtu wa miaka mia ijayo akitaka kujua ilikuwaje Kolo mwaka 1979, ningetamani aipate insha ile kabla ya ripoti yoyote.

Nilipokuwa mwalimu mwenyewe nilizikuta shule za sekondari zimejaa ugonjwa ambao bado naupiga vita. Mwanafunzi hupewa kifungu cha riwaya, naye huorodhesha: tashbiha ipo, tashihisi ipo, takriri ipo, taswira ipo. Anapata alama zake, anafaulu, na hajawahi kujiuliza kwa nini mwandishi alitaja kanga iliyopauka akaacha kutaja viatu. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo mpaka macho yakauma. Mathias Mnyampala, mshairi mkubwa aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, aliyeandika pia historia, mila na desturi za watu wake mwaka 1954, asingefika popote kwa kuorodhesha. Mtu anayeandika mila anajua kwamba aina ya nafaka inayotiwa kwenye kibuyu, na mkono unaokipokea, ndiyo mila yenyewe. Ukiandika tu kwamba walitambika, hujasema kitu.

Ndiyo maana nikipata nafasi nawapeleka wanafunzi Kolo. Barabara sasa ni ya lami na basi halichukui muda. Waongozaji wengi ni vijana, na nawasifu, kwa sababu siku hizi mwongozaji mzuri hukueleza masimulizi mawili au matatu ya watu wale watano badala ya moja. Michoro inaendelea kufifia kwa maji yanayotiririka jabalini, moshi, mikono, na pombe ya mtama inayorushwa ukutani wakati wa tambiko. Juu ya hilo la mwisho kuna mvutano kati ya wahifadhi na wazee. Sipendi jinsi unavyozungumzwa kana kwamba wazee ni waharibifu tu. Kwao pango halijawa makumbusho.

Mara ya mwisho nilibeba nakala ya mchoro ule kutoka kitabu cha Leakey, mistari safi juu ya karatasi nyeupe. Niliwaonyesha kwanza shuleni. Wote, darasa zima, walisema ni utekaji, wala hawakubishana. Kisha tukapanda. Mbele ya jabali, msichana mmoja alishika karatasi mkononi, akatazama ukuta, akatazama karatasi, akaniuliza, "Mwalimu, mbona huku kuna michirizi ya maji na huku hakuna? Na haya madoa ya pembeni, si yanaweza kuwa watu wengine?"

Nilimwambia kwamba aliyenakili alilazimika kuamua wapi mchoro unaishia na wapi jiwe linaanzia, na kwamba pengine aliamua vizuri. Hakuridhika. Aliwaita wenzake, wakaanza kuyapitia yale madoa moja moja, wakibishana lipi lina mguu na lipi ni uchafu tu, na kama yale mawili ya kushoto ni watu, basi wanaotazama ni wengi kuliko wanaoshika.